SOMO: Mtambo mzee wa mawasiliano, tuutunze vipi tukiwa mbali?



Somo hili ni la kamati za zahanati, shule na parokia zenye dishi, modemu na ruta za siku nyingi. Mtambo ukizima Lorugum, fundi yuko Lodwar, ama yuko Kakuma, kilomita kama 120 kutoka Lodwar. Laga zikijaa, gari halipiti. Na mara nyingi akifika anazima tu na kuwasha, basi, kazi imekwisha. Pesa ya mafuta imeenda, nayo ilikuwa ya dawa. Kwa hivyo tuchague njia ya kuufikia mtambo bila safari.

Mafundi wengine hupenda kuacha mlango wa ruta wazi kwenye intaneti, waingie kwa neno la siri popote walipo. Hiyo tunaikataa kabisa. Mtambo mzee kiwanda hakiurekebishii tena programu zake, na unapata neno la siri bado ni lile la kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka dunia ikijaribu maneno kama hayo, ikateka kamera na ruta maelfu kwa maelfu. Haikuuliza kama ruta ni ya benki ama ya zahanati.

Afadhali mtambo wenyewe umtafute fundi. Kompyuta ndogo isiyokula umeme mwingi inawekwa kando ya ruta, nayo inafungua njia ya siri, ile mafundi huita VPN, kutoka ndani kwenda ofisi ya Lodwar. Nje hakuna mlango wa kubisha. Ni kama mjukuu anayempokea mgeni kabla hajamfikia babu.

Lakini njia hiyo inapitia dishi lile lile. Modemu ikiganda, nayo imekatika. Hapo tunasifu swichi ya SMS. Ina laini yake ya simu, na ikipata ujumbe wenye namba ya siri inakata umeme wa modemu na kuurudisha. Haijali modemu ina miaka mingapi. Mahali simu haishiki, mlinzi afundishwe kuzima na kuwasha kwa utaratibu.

Kuna watakaosema tuiachie kampuni ya setilaiti. Sawa, lakini iulizwe inavyolinda mfumo wake. Tarehe 24 Februari 2022 wavamizi waliingia katika mfumo wa kusimamia modemu za setilaiti ya KA-SAT, Ulaya, wakatuma amri za kufuta kumbukumbu zake. Ulaya ya Kati, mitambo kama 5,800 ya umeme wa upepo ikawa haiwezi tena kusimamiwa kutoka mbali. Kampuni ilituma modemu mpya karibu 30,000. Sisi je, tuna hata moja ya akiba kabatini?

Fundi naye asibadilishe programu ya ndani ya mtambo mzee akiwa mbali. Umeme wa sola ukikatika katikati, mtambo unaweza kufa kabisa. Akirekebisha mipangilio, atumie kinga iliyopo: ruta za MikroTik, kwa mfano, zina Safe Mode, mawasiliano yakikatika mabadiliko yanajifuta. Vumbi na betri iliyochoka, hayo yanataka mkono wa mtu.

Maswali ya kujadiliana:

1. Neno la siri la ruta yetu lilibadilishwa lini, na nani analijua?

2. Mtambo ukizima leo usiku, ufunguo wa chumba chake uko kwa nani?