SOMO LA WIKI: Mpime mzee kabla ya kununua programu ya malipo

Mzee wa Meru anayeuza ndizi sokoni Tengeru anaweza kulipwa kwa simu bila kushika noti. Taabu huanza anapotaka kutoa au kutuma fedha hizo. Akishindwa kusoma kioo, humkabidhi mjukuu au wakala simu yake, na pengine humtajia namba ya siri. Tangu hapo akiba yake haina mlinzi.

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Menyu ya *150*00# hufanya kazi hata kwenye kitochi, tena kwa Kiswahili. Hata hivyo, mteja akichelewa kujibu, menyu hujifunga naye huanza upya. Kijana haoni tatizo, lakini mzee anayetafuta miwani hukata tamaa.

Sababu zipo mwilini. Kuanzia miaka ya 40 hivi, jicho hupungukiwa uwezo wa kuona vitu vya karibu. Vidole vilivyozoea jembe navyo hukosea vitufe vidogo.

Mwongozo wa kimataifa wa kurasa za intaneti, WCAG, katika toleo lake la 2008, umeweka kipimo: kwa daraja la kati, maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Aidha, unataka mtumiaji aweze kuongezewa muda. Maandishi ya kijivu juu ya weupe, yanayopendeza ofisini, hupotea kwenye jua la sokoni.

Hivyo basi, mfanyabiashara anayenunua programu ya malipo, au mwekezaji anayetia mtaji kwa watengenezaji wake, afanye jaribio dogo. Ampe mzee wa miaka 65 simu, amwombe atume shilingi 1,000, kisha anyamaze na kutazama mambo manne:

1. Je, amesoma bila kusaidiwa?
2. Je, jina la mpokeaji limeonekana kabla ya kuthibitisha?
3. Je, akikosea anaweza kurudi nyuma?
4. Je, amemaliza bila kumtajia mtu namba ya siri?

Swali la pili lina uzito wake. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" huwategemea wasiohakiki jina.

Programu ikishindwa, lawama zisiende kwa mzee, bali irudishwe kwa fundi. Mteja asiyeiamini simu yake hurudi kwenye noti, na gharama ya programu hubaki kwa mwenye duka.