SOMO LA UFUNDI: Kubadilisha Sproketi ya Mbele kwenye Pikipiki ya Zamani

Katika Korbesa na vijiji vingine vya Merti, pikipiki ndiyo hubeba mtungi wa maji, dawa ya mifugo, mtoto wa shule na mama mjamzito anayekimbizwa hospitalini. Nyingi kati yake zimetumika miaka mingi. Ziko Boxer na TVS zilizochoka, na bado zinaonekana Yamaha za zamani kama DT na AG 100 ambazo wenyewe hawataki kuziacha kwa sababu fremu yake ni ngumu.

Pikipiki ya namna hiyo mara nyingi hukwamia njiani kwa sababu ya cheni na sproketi, yaani yale magurudumu mawili yenye meno: dogo la mbele kwenye injini na kubwa la nyuma kwenye tairi. Cheni ikikatika kwa mwendo, inaweza kujikunja mbele na kupasua kesi ya injini, au kulifunga tairi la nyuma na kumwangusha abiria. Somo hili ni kwa waendeshaji na vijana wanaojifunza ufundi.

Utajuaje imechakaa?

Tazama meno. Jino zima lina pande mbili zinazofanana. Jino lililochakaa limelalia upande mmoja na limechongoka kama ndoana.

Kisha pima cheni. Pikipiki nyingi ndogo hutumia cheni ya namba 428, ambayo nafasi kati ya pini na pini ni milimita 12.7. Ivute cheni inyooke, hesabu nafasi 20, upime. Cheni mpya itatoa milimita 254. Ikifika 259, imekwisha.

Badilisha vyote vitatu pamoja: sproketi ya mbele, ya nyuma na cheni. Cheni iliyorefuka haikai vizuri kwenye meno mapya. Hupanda juu ya meno na kuyala kwa muda mfupi. Anayenunua sproketi moja ili kuokoa pesa hulipa mara mbili.

Kabla ya kununua, hesabu meno ya sproketi kuukuu na uende nayo dukani. Mfano, ikiwa mbele ni 14 na nyuma ni 42, sproketi ya mbele huzunguka mara 3 tairi likizunguka mara 1. Ukiweka 13 mbele, pikipiki itavuta mzigo vizuri zaidi mchangani, lakini kwa mzunguko uleule wa injini mwendo utapungua kwa takriban asilimia 7, na cheni itachakaa mapema kwa kuwa inajikunja zaidi.

Hatua za kazi

1. Zima injini, toa ufunguo, simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa mahali pagumu. Usiguse cheni injini ikiwa inanguruma. Vidole hukatwa pale cheni inapoingia kwenye meno.

2. Safisha mchanga na grisi kavu kabla ya kufungua kava ya mbele, usije ukaingia ndani.

3. Legeza nati ya sproketi ya mbele cheni ikiwa bado imefungwa. Wengi hukosea hapa. Kwanza nyoosha ukingo wa washa uliokunjwa juu ya nati. Ingiza gia ya kwanza, mwenzako akanyage breki ya nyuma kwa nguvu, nawe ulegeze kwa spana. Cheni imeunganisha sproketi na tairi, na tairi limeshikwa na breki, hivyo shafti haizunguki. Ukitoa cheni kwanza, utabaki kugonga nati kwa patasi, na kila pigo linaumiza beringi na sili ya oili. Baadhi ya pikipiki hazina nati kubwa bali bamba lenye boliti mbili ndogo. Hizo ni rahisi kulegeza.

4. Toa klipu ya cheni kwa koleo, ondoa cheni, kisha vuta sproketi kuukuu. Kumbuka upande uliokuwa umetazama nje.

5. Kagua shafti. Kama kuna oili inayovuja, badilisha sili sasa. Kama shafti inachezacheza juu na chini, beringi imekufa, na sproketi mpya haitaiponya.

6. Vaa sproketi mpya ikitazama upande uleule. Ukiigeuza, cheni itakwenda upande na kula meno. Weka washa mpya na ukaze nati kidogo tu kwa sasa.

7. Toa tairi la nyuma, badilisha sproketi kubwa, kaza nati zake kwa kupishana, moja hapa na inayofuata upande wa pili. Kagua raba zilizo ndani ya habu. Zikiwa zimekatika, cheni itakuwa ikivutwa kwa kishindo.

8. Rudisha tairi, funga cheni. Upande wa klipu ulioziba uelekee kule cheni inakokwenda, ule wenye mdomo ubaki nyuma. Ukikosea, jiwe au kijiti kinaweza kuing'oa klipu.

9. Sasa kaza kabisa nati ya mbele huku breki imekanyagwa, kisha kunja washa juu ya nati.

10. Rekebisha ulegevu. Katikati ya cheni, upande wa chini, inafaa icheze milimita 20 hadi 30 kwa pikipiki nyingi za barabarani. Fuata kitabu cha pikipiki yako kama unacho. Zungusha tairi na upime pale cheni inapokaza zaidi. Alama za pande zote mbili za ekseli zilingane. Usikaze kupita kiasi: abiria na mzigo wakipanda, cheni hujivuta zaidi, na beringi ya giaboksi ndiyo inayoumia.

11. Kaza ekseli, rudisha pini yake, jaribu breki. Baada ya safari ya kwanza, kagua nati zote tena.

Usiache kava ya cheni nyumbani

Wengine huitupa kwa sababu inapiga kelele. Kava hiyo ndiyo inayozuia buibui, leso au shuka ya abiria isivutwe na cheni. Ikipotea, tengenezewa nyingine ya bati. Kabla ya kuondoka, mwambie abiria akusanye nguo yake.

Utunzaji katika nchi ya mchanga

Grisi nzito hushika mchanga na kuwa kama msasa. Safisha cheni kwa mafuta ya taa, ikauke, kisha dondoshea oili ya gia kidogo upande wa ndani huku ukizungusha tairi kwa mkono. Futa inayobaki nje. Fanya hivyo jioni, cheni ikiwa bado na joto, ili oili iingie ndani ya pini usiku. Oili chafu usiimwage karibu na kisima au mto Ewaso Nyiro. Ndiyo maji tunayokunywa sisi na mifugo yetu.

Mwendeshaji anayekagua cheni kila asubuhi hutumia dakika chache. Zitakuwa zimetosha siku atakayeamshwa usiku kumpeleka mgonjwa Merti.