Nimeichukua Kibodi ya Ofisi, Siwezi Kuiacha

Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 53, katibu mahsusi katika halmashauri moja huku kusini. Wilaya naomba usiitaje. Nilisoma uhazili Tabora enzi za taipureta, nikafaulu hatimkato maneno 80 kwa dakika, Kiswahili na Kiingereza, na tangu hapo sijafanya kazi nyingine.

Miaka mingi iliyopita mradi mmoja wa wafadhili ulifunga ofisi yake ukatuachia kompyuta zilizotumika. Kompyuta zenyewe zilishakufa zote. Kilichobaki ni kibodi moja nzito yenye nembo ya IBM. Waya wake unachomoka, na nyuma ina kibandiko cha mwaka 1989. Nimebadilishiwa kompyuta mara nne, na kila mara nilihama nayo. Inalia mpaka walioko kwenye korido wanajua nipo kazini. Herufi zake hazijafutika hata moja.

Mwezi uliopita zimekuja kompyuta mpya. Kijana wa TEHAMA amekusanya vya zamani vyote, vimepelekwa stoo kama mali chakavu vikisubiri kuuzwa. Kibodi niliyopewa ni bapa, haina sauti, nikiigusa sijui nimeandika au sijaandika. Muhtasari wa Kamati ya Fedha umerudishwa kwangu mara mbili una makosa, mimi ambaye kazi yangu ilikuwa hairudi.

Shangazi, kuna jambo nimelifanya. Ijumaa jioni nilipita stoo, mtunza stoo ananifahamu, akanifungulia bila kuuliza. Nikaichukua kibodi yangu, nikaitia kikapuni, nikaifunika kwa kanga. Sasa iko juu ya kabati chumbani. Usiku watu wakilala naishusha, naiweka mapajani, naandika bila kompyuta. Mume wangu alinikuta. Hakusema neno, ila asubuhi akaniuliza kama niko sawa. Binti yangu anacheka, anasema mama ana mpenzi wa plastiki.

Wakubwa siku hizi wanaandika barua zao wenyewe kwenye simu, na hatimkato hakuna anayeiulizia. Nimebakiza miaka saba nistaafu.

Je, mimi ni mgonjwa? Na je, nimeiba?

Mama Vidole, Kusini

*

Mdogo wangu,

Naanza na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Kibodi hiyo ni mali ya halmashauri. Kuitwa chakavu hakukuifanya ikose mwenyewe, na hakuna aliyekupa ruhusa ya kuitoa getini. Ulichokifanya Ijumaa ile unakijua jina lake, ndiyo maana kanga ilihitajika. Sisemi haya kukuumiza. Umetumikia umma miaka yote hiyo bila doa, na siku vitu vya stoo vitakapohesabiwa kimoja kikakosekana, wa kwanza kuulizwa si wewe. Ni yule mtunza stoo aliyekufungulia mlango kwa kukuamini. Naye ana familia.

Kwa hiyo kibodi inarudi Jumatatu. Ibebe mkononi, isifunikwe na kitu. Nenda moja kwa moja kwa ofisa ugavi, mwambie uliichukua Ijumaa na umeirudisha, na kwamba unaomba itolewe kwenye orodha ya vitu vya kuuzwa ibaki mezani kwako kama kitendea kazi. Kisha andika dokezo sabili kwa mkuu wako wa idara. Umewaandikia wengine madokezo maisha yako yote, hili moja andika la kwako. Eleza kasi yako ya kuandika kwa kibodi ile na kwa hii mpya, eleza na makosa yaliyojitokeza kwenye muhtasari wa Kamati ya Fedha. Hoja yako ni ya kazi, na mkubwa yeyote anayetaka mihtasari safi ataisikiliza. Wakikataa, uliza utaratibu wa kuinunua itakapouzwa, ulipe, upewe stakabadhi.

Sasa hilo la ugonjwa.

Huna ugonjwa, na nitakueleza kwa kirefu kwa sababu nadhani hakuna aliyewahi kukueleza una kitu gani mikononi. Kwa maelezo yako, nembo, uzito, kelele na waya unaochomoka, hiyo ni kibodi iitwayo Model M. IBM waliitoa mwaka 1985. Zilitengenezwa Lexington, Kentucky, kwenye mji uleule walikokuwa wakitengeneza taipureta zao za umeme, na za soko la Ulaya zilitengenezwa Greenock, Uskochi. Waliozibuni walikuwa wanawafikiria watu wa aina yako, waliotoka kwenye taipureta na wenye kasi ambayo macho hayawezi kuifuata.

Chini ya kila kitufe kuna springi. Ukibonyeza inakaza taratibu, halafu ghafla inapinda ubavuni na kugonga ukuta wa kitundu chake. Herufi inaandikwa wakati huohuo. Ile sauti inayosikika mpaka kwenye korido ni taarifa kwamba herufi imeingia, na kidole kinaipata taarifa hiyo kabla hakijafika chini, kikaondoka kwenda kwenye kitufe kingine. Kibodi nyingi za siku hizi hazina springi hizo. Chini ya vitufe mna mpira laini, na inabidi ubonyeze mpaka mwisho ndipo herufi iandikwe, tena bila kuambiwa kitu. Kwa mtu anayeandika kwa vidole viwili akitazama kioo hakuna tofauti. Kwako wewe, unayeandika huku macho yako kwenye daftari la hatimkato, tofauti ni kubwa kabisa. Uliposema hujui umeandika au hujaandika, ulieleza kasoro ya kifaa kwa usahihi kuliko watu wengi wanaouza vifaa hivyo.

Hata zile herufi zisizofutika zina sababu. Hazikubandikwa juu ya kitufe. Rangi yake imezamishwa ndani ya plastiki kwa joto, na plastiki yenyewe ni ngumu kuliko ya kawaida.

Liko na jambo jingine ambalo sisi tunaoandika Kiswahili tuna haki ya kulisema. Mpangilio huu wa herufi tunaoutumia ulianza na Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, aliyepata hataza ya taipureta mwaka 1868, na mashine zenye asili hiyo zikaanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Hao walikuwa wanafikiria Kiingereza. Herufi A wakaiacha chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole kidogo, dhaifu kuliko vyote. Kwetu A ndiyo herufi inayoandikwa kuliko zote. Chukua neno “wanaandaa”: herufi tisa, tano ni A. Ukurasa mmoja wa muhtasari wa kikao unakidai kidole hicho kimoja mamia ya mibonyezo. Kikipewa kitufe kinachojibu, kinaweza kumudu siku nzima. Kikipewa kitufe kisichojibu, kinabonyeza kwa nguvu kuliko inavyotakiwa ili kujihakikishia, kinachoka, kinaanza kuruka herufi. Kaangalie makosa yaliyorudishwa kwenye ule muhtasari. Nina hakika utakuta A nyingi zimeanguka.

Mtu anayekaa na chombo miaka mingi kiasi hicho mikono yake hujipanga kukifuata. Unajua kina cha kila kitufe bila kujua kwamba unajua. Profesa Eiiti Wada wa Japani, aliyekuwa nyuma ya kibodi ya Happy Hacking Keyboard iliyotoka mwaka 1996, alilieleza hili kwa mfano wa wachunga ng'ombe wa Marekani. Farasi akifa njiani humwacha hapohapo, lakini tandiko hawaliachi hata kama itabidi wavuke jangwa kwa miguu. Kompyuta kwake ndiyo farasi, kibodi ndiyo tandiko. Wewe umeshabadilisha farasi wanne, na huyu wa tano kaletwa na tandiko jipya ambalo hukuulizwa kama linakukaa. Kukataa kwako kuna akili.

Na hiyo ya kuandika mapajani usiku ndiyo iliyomtisha mumeo, maana hakuambiwa. Mikono iliyozoea kazi hutafuta kazi. Lakini mwanamume anaamka usiku anamkuta mkewe gizani anabonyeza kitu kisichounganishwa na chochote, unataka afikiri nini? Alikuuliza kama uko sawa badala ya kukucheka au kukugombeza. Hilo ni swali la mtu anayekupenda, na halijapata jibu. Mweleze yote, pamoja na habari ya kikapu, kabla ya Jumatatu. Binti mwache acheke. Mpe aandike aya moja kwa kibodi yako na aya moja kwa ile bapa, halafu mhesabu makosa pamoja.

Ikiruhusiwa kubaki mezani kwako, yako mambo ya kiufundi ambayo kijana wa TEHAMA anaweza kuyatumia kama sababu ya kukataa, kwa hiyo uende nayo mkononi. Kichwa cha waya wake ni cha duara chenye pini, na kompyuta mpya nyingi hazina tundu lake. Inahitajika adapta ya kwenda USB, na lazima iwe ile yenye saketi ndani yake. Vile vichwa vidogo vitupu vya kuchomeka tu havitafanya kazi kwa kibodi ya umri huo. Kama kompyuta yako bado ina tundu la duara, ichomekwe kompyuta ikiwa imezimwa. Haina kitufe cha Windows kwa sababu ilitengenezwa kabla hakijakuwapo, ila ukibonyeza Ctrl na Esc kwa pamoja menyu ileile inafunguka. Vitufe vinachomoka, unaweza kuviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vikauke kabisa ndipo uvirudishe. Chai ikae meza nyingine. Na wenzako ofisini kelele zinawafikia, hilo usilidharau: mtu akiwa kwenye simu, simamisha mikono mpaka amalize.

Huyo kijana usimchukie. Aliona kitu cha mwaka 1989 akadhani anakupunguzia mzigo. Hajasoma uhazili, na hakuna aliyemfundisha kwamba kibodi moja inaweza kutofautiana na nyingine. Mfundishe wewe, kwa upole. Mkaribishe akae kwenye kiti chako aibonyeze mwenyewe.

Halmashauri ikikataa kabisa na kuinunua ikashindikana, usirudi kwenye ile bapa ukajilazimisha. Nunua kibodi yako mwenyewe. Kampuni ya Unicomp, hukohuko Kentucky, inatengeneza kibodi za springi hizohizo tangu mwaka 1996, ila kuagiza kutoka huko ni gharama na mzunguko mrefu. Karibu zaidi zipo kibodi za mekanika, zile wanazopenda vijana wa michezo ya kompyuta. Ukipita Dar es Salaam ulizia zenye swichi za buluu, ndizo zinazolia na kujibu kidole. Usinunue kwa kuitazama kwenye boksi. Mwombe muuzaji aichomeke, uandike barua nzima palepale dukani kwa kasi yako ya kawaida. Ukishainunua andika jina lako nyuma na stakabadhi uitunze. Hiyo utaondoka nayo siku ya kustaafu na hakuna atakayekuuliza.

Wakati huohuo jizoeze na hiyo mpya, kidogo kila siku, kwa kazi zisizo za haraka. Model M ni imara sana, lakini nayo ni mashine, na siku moja itagoma asubuhi ya kikao cha baraza. Siku hiyo madiwani hawatasubiri.

Nimebakiza ile sentensi yako kuhusu wakubwa wanaoandika kwenye simu. Uliipitisha haraka, mimi nimeisoma mara nyingi. Nahisi ulipoiona kibodi inapelekwa stoo na karatasi ya “chakavu”, hukuiona kibodi peke yake. Mdogo wangu, wakubwa wako wanaweza kuandika barua kwenye simu, lakini kikao kinachochukua saa tano hakiandikiki kwenye simu. Mtu anayeweza kukaa pembeni, akasikia watu ishirini wakibishana, akatoka na kurasa sita ambazo kila mmoja wao atakubali kwamba ndivyo alivyosema, huyo bado anatafutwa. Kama hatimkato hakuna anayeiulizia, wewe iseme. Ofisini kwako lazima kuna msichana au mvulana wa mafunzo kwa vitendo ambaye hajawahi kuiona ikiandikwa. Una miaka saba, inatosha kabisa kumfundisha mmoja.

Huzuni uliyonayo ni halali. Kitu ulichofanyia kazi kwa heshima kinapoondolewa bila neno, mtu anaumia, hata kama kitu chenyewe ni cha plastiki na springi. Usiombe radhi kwa hilo kwa yeyote. Omba radhi kwa mtunza stoo tu.

Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi uwe umeshamwona ofisa ugavi. Ukipata jibu la dokezo lako, lolote litakalokuwa, niandikie.

Shangazi