Je, Rai ya Mtu Yaweza Kuwa Makosa?

Kuna neno ambalo siku hizi latumika kama kufuli. Watu wawili wakijadiliana barazani, na mmoja wao akaona hoja zimemwishia, husema: "Basi, hiyo ni rai yangu, nawe una rai yako." Hapo maneno hukatika, kahawa ikanywewa, na kila mmoja akarudi kwake na fikira ileile aliyokuja nayo. Baadhi ya ndugu wa darsa letu wametuuliza: je, neno hili ni sahihi? Rai ya mtu yaweza kuhukumiwa kuwa sawa au makosa, au kila rai ni sawa kwa mwenyewe? Twajibu, na kwa Mwenyezi Mungu twaomba taufiki.

Kwanza yapasa kupambanua mambo mawili ambayo watu huyatia katika kikapu kimoja. Mtu akisema kuwa samaki wa kupaka ampendeza zaidi kuliko samaki wa kukaanga, hakuna awezaye kumwambia kuwa amekosea. Huyo hakutoa habari ya samaki. Ametoa habari ya ulimi wake, na ulimi wake yeye aujua kuliko sisi. Lakini akisema, "Samaki huyu hajaharibika, mpikeni," sasa ametoka katika ulimi wake na kuingia katika samaki. Ataiita rai, nasi hatutamkataza kuiita hivyo. Walakini hali ya samaki haiingoji rai yake, na watakaomla watajua habari kabla ya alfajiri.

Makosa ya watu wengi ni kulichukua neno lililo sawa katika mlango wa kwanza wakalipeleka katika mlango wa pili. Wengine huongeza la tatu, wakachanganya haki ya mtu kusema na usahihi wa yale asemayo. Kwamba mtu asikilizwe kwa adabu, asitukanwe wala asilazimishwe, hilo twalikubali na twalipenda. Lakini kumpa mtu nafasi ya kusema si kumpa hati kuwa amesema kweli. Hakimu huwasikiliza wadai wawili, kila mmoja mpaka mwisho wa maneno yake, wala hatoki pale akasema kuwa shamba lile ni la wote wawili kwa kuwa wote wamesema vizuri.

Tutatoa mfano ulio karibu nasi, tena wenye uchungu. Katika pwani yetu wengi waliitakidi, na wangaliko waitakidio hata leo, ya kuwa degedege ni athari ya shetani ajaye kwa sura ya ndege akampitia mtoto kwa juu. Wakaongeza na la pili: kuwa mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Hatusemi kuwa wenye rai hii walikuwa wapumbavu. Waliona jambo kwa macho yao: mtoto alipelekwa hospitali, akachomwa sindano, akafa. Jambo hilo lilitokea kweli, wala halikutokea mara moja. Lakini hawakuzitia katika hesabu zile siku mbili tatu zilizotangulia, mtoto alipokuwa akifukizwa na kufungwa hirizi huku homa ikipanda. Akafika hospitali ni mahututi, na sindano ikawa ndicho kitu cha mwisho walichokiona kabla ya mauti. Waliona sawa, wakafasiri makosa. Mwenye kutaka kuirudi rai yao na aanze hapo, pale walipoona sawa, wala asianze kwa kuwacheka, kwani mtu aliyechekwa huzidi kuikumbatia rai yake.

Ama sababu ya degedege, imejulikana. Mtoto mdogo hushikwa nalo homa inapompanda, na katika nchi kama hizi zetu homa hiyo mara nyingi huwa ni malaria. Ikiwa ni malaria iliyopanda kichwani, yaweza kumuua mtoto kwa muda wa siku moja au mbili. Na malaria yenyewe nayo ina historia ya rai. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya walidhani kuwa yatokana na hewa mbaya ya vinamasi, na jina lake katika lugha ya Kitaliano ndiyo maana yake. Mwaka 1897 tabibu Ronald Ross, akiwa Secunderabad huko Bara Hindi, alimpasua mbu akakuta ndani ya tumbo lake vimelea vya maradhi haya. Na mwaka wa pili yake ikathibiti kuwa mbu ndiye mchukuzi. Rai ya hewa mbaya ilikuwa imeshikwa na matabibu wakubwa na watu wasiohesabika, na wingi wao haukuigeuza hewa kuwa ndiyo mbu.

Basi mzazi akituambia, "Mimi rai yangu ni kumfukiza kwanza, hospitali baadaye," tumjibu nini? Tumjibu kuwa ana rai yake? Kufanya hivyo si adabu wala si upole. Ni kumwacha mtoto alipe gharama ya mazungumzo yetu mazuri.

Huenda msomaji akasema: "Hayo ni mambo ya dunia. Katika dini je?" Twasema kwamba Masahaba walilijua vizuri jambo hili. Watu wa sira waeleza kuwa siku ya Badri, katika mwaka wa 2 Hijria (624), Mtume wetu s.a.w. alipopiga kambi mahali fulani, Hubab bin Mundhir r.a. alimwendea akamuuliza kama mahali pale ameteremshwa na Mwenyezi Mungu, wasiweze kusogea mbele wala nyuma, au ni rai na hila za vita. Alipojibiwa kuwa ni rai na vita, alieleza kuwa basi hapo si mahali pa kukaa, bora wasogee mpaka kwenye kisima kilicho karibu zaidi na maadui. Na Mtume akaikubali shauri yake. Itazame hekima ya swali lake. Lau lingekuwa jambo la wahyi, Hubab angelinyamaza. Alipojua kuwa ni rai, hakusema kuwa kila mtu ana yake. Bali hapo ndipo alipoona kuwa ana wajibu wa kusema, maana rai hupimwa, na palikuwa na roho za watu.

Sasa tufike kwenye hoja ambayo watu huiona kuwa ndiyo nguzo yao: maulamaa wamekhitilafiana, na wote twawaheshimu, basi lazima wote wawe wamepata. Suala hili si geni. Wanazuoni wa usuli wameligombania kwa karne nyingi, wengine wakisema kuwa kila mujtahidi ni mwenye kupata, na wengine wakisema kuwa mwenye kupata ni mmoja tu. Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka wa 505 Hijria, yaani 1111) alielekea upande wa kwanza katika mambo ya dhana. Abu Is'haka Shirazi (aliyefariki 476, yaani 1083) akausimamia upande wa pili. Na wote wawili ni Mashafi kama sisi. Lakini zingatia kuwa hata Ghazali hakusema hayo ila kwa mujtahidi aliyetimiza masharti yake, katika jambo lisilokuwa na dalili ya kukata. Hakulisema kwa kila aliyekaa barazani akajisikia kusema.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kibla, na Imamu Shafi mwenyewe aliutumia katika Risala yake. Aliye mbali na Alkaaba na asiiyone, yampasa ajitahidi kwa alama: nyota, jua, pepo, milima. Watu wawili waliopotea usiku wa giza waweza kujitahidi kwa ikhlasi, mmoja akaelekea huku na wa pili kule. Kila mmoja sala yake aisali kwa jitihada yake, wala hana ruhusa ya kuiacha kwa kumfuata mwenziwe. Na wanafikihi wetu wakasema kuwa mmoja hawezi kuwa imamu wa mwengine katika sala hiyo. Kwa nini? Kwa kuwa kila mmoja aitakidi kuwa mwenziwe amekosa kibla. Lau rai zote zingekuwa sawa, wangalipangana safu moja wakapeana migongo.

Kisha soma fikihi ilivyopima kwa mizani nyembamba. Mtu akibadilika jitihada yake katikati ya sala, hugeuka kwa ile mpya na sala yake haivunjiki. Hata akisali rakaa nne kwa pande nne, kila rakaa kwa jitihada mpya, hana kulipa. Dhana imekuja mahali pa dhana, na ya pili haina nguvu ya kuivunja iliyopita. Lakini akipata yakini kuwa alielekea siko, basi kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu hulipa sala ile. Mwenye kusoma Minhaji ya Imamu Nawawi ayapata haya katika mlango wa kibla. Hapa pana mafunzo mawili kwa pamoja: huyu mtu hakuwa na dhambi alipokosea, na bado alikosea. Alkaaba haikusogea kwa ajili ya ikhlasi yake.

Na maana hii yaafikiana na hadithi mashuhuri iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo maana yake ni kuwa hakimu akijitahidi akapata ana malipo mawili, na akijitahidi akakosa ana malipo moja. Watu huishika ile nusu ya mwisho wakafurahi kuwa hata mkosaji analipwa. Ni kweli, analipwa. Lakini hadithi imemwita mwenye kukosa. Na malipo yake ni ya ile jitihada, yaani kutafuta dalili na kuchoka kwa ajili yake. Asiyejitahidi hakutajwa humo kwa malipo yoyote.

Imamu Shafi naye, alipohamia Misri katika miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki mwaka wa 204 (820), alizirudi kauli zake nyingi alizozisema Iraki. Ndiyo maana twasoma madrasa habari ya kadimu na jadidi. Mwenye kuona kuwa rai haiwezi kuwa makosa na atueleze Imamu alikuwa akirudi kutoka wapi kwenda wapi.

Hatukatai kuwa yako mambo ambayo rai mbili hukaa pamoja muda mrefu, na hapana yakini ya kuikata mojawapo. Mwanamke mmoja alikufa akaacha mume, mama, ndugu wa kwa mama wasiopungua wawili, na ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Mume huchukua nusu, mama sudusi, ndugu wa kwa mama thuluthi. Mali imekwisha, na wale wa baba na mama hawakubakiwa na kitu. Sayyidna Umar r.a. kwanza alihukumu hivyo. Baadaye ilipomjia kadhia kama hiyo, wale ndugu walitoa hoja: jaalia baba yetu alikuwa punda, je, mama yetu si mmoja? Akawashirikisha katika thuluthi. Alipoulizwa juu ya hukumu ya kwanza, maana ya jibu lake ilikuwa kwamba ile yabaki kama ilivyohukumiwa na hii ni kama ihukumiwavyo sasa. Shafi na Malik wakaishika hukumu ya pili, Abu Hanifa na Ahmad wakaishika ya kwanza. Wala usidhani kuwa mfano huu wawasaidia wale wa kufuli. Hoja ya punda ilimgeuza Amirul-Muuminina. Na mtu hageuzwi kwa hoja katika jambo la ladha. Hakuna aliyewahi kushindwa mjadala akaanza kupenda samaki wa kukaanga.

Tumalizie pale pa kibla, kwa kuwa tumeulizwa pia habari ya msikiti mmoja ambao watu wake wamegawanyika juu ya mihrabu yake hata wengine wakahama. Hapa hapahitaji rai ya mtu. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, hivi kwamba kibla chetu ni kaskazini halisi na upande mdogo sana wa mashariki, usiotimia digrii moja. Lamu huelekea digrii mbili hivi na nusu magharibi ya kaskazini, na Unguja zaidi kidogo ya digrii moja mashariki yake. Wazee wetu hata kaskazini yenyewe waliiita kibla. Na kila mwaka, tarehe 28 Mei saa sita na dakika 18 za mchana, na tarehe 16 Julai saa sita na dakika 27 (na mwaka mrefu ni siku moja kabla), jua husimama juu ya Alkaaba sawasawa, na saa ya Makka na ya Kenya ni moja. Na wasimamishe mti ulionyoka kwa timazi katika uwanja wa msikiti, iwapo mawingu ya kusi hayakulifunika jua. Kivuli kitalala upande wa kusini, urefu wake karibu nusu ya mti. Wapige mstari kutoka ncha ya kivuli kwenda shina la mti, na huko uelekeako mstari ndiko iliko Alkaaba. Tungependa wawepo watu wa pande zote mbili, na kamba ishikwe na yule aliyehama.