Usiipake Sakafu Rangi, Inyweshe

Sakafu ya saruji iliyopigwa niru hubaki kijivu, na wengi wakitaka kuipendezesha hukimbilia kopo la rangi ya mafuta. Mimi nashauri rangi ya kupenya, na sababu imo ndani ya saruji yenyewe. Saruji ikikutana na maji huzaa chokaa, na zege jipya huwa na alikali kali, pH ya 12 hadi 13. Unyevu wa ardhini ukipanda huibeba alikali hiyo hadi juu, na mafuta ya rangi hugeuka sabuni, kama yanavyogeuka kwenye sufuria ya mtengeneza sabuni anapoyatia kostiki. Ndipo rangi hulainika, ikavimba, ikabanduka. Rangi ya kupenya ya asidi yenyewe huitegemea chokaa hiyo hiyo. Hubeba chumvi za madini zinazoshikamana nayo: chuma hutoa hudhurungi, manganizi hutoa weusi wa kahawa, shaba hutoa kijani cha kuelekea buluu.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuhakikisha sakafu ina kiu. Zege jipya lisubiri siku 28. Kisha dondosha maji: yakisimama kama umande juu ya jani la myugwa, pana nta, grisi au rangi ya zamani, na hapo ni sabuni na msasa. Usioshe kwa asidi kabla ya rangi ya asidi, maana utaila chokaa unayoihitaji. Bandika kipande cha nailoni usiku kucha, kingo zote zikiwa zimezibwa. Asubuhi ukikuta mvuke chini yake, tafuta kwanza maji yanakotoka. Rangi ipulizwe kwa pampu ya plastiki, kwa sababu asidi hula chuma, na isambazwe kwa brashi ya nailoni. Iache saa zilizoandikwa kwenye chombo, osha kwa maji yenye magadi, suuza mpaka kitambaa cheupe kitoke safi. Glavu, miwani na madirisha wazi ni lazima. Penye watoto ndani, chagua rangi ya kupenya ya maji, ambayo haina asidi.

Kuna hoja nzito: mwishoni sakafu hupakwa dawa ya kuilinda, nayo si ngozi ya juujuu kama rangi ya mafuta? Ni ngozi, ndiyo, na kwenye unyevu inaweza kufanya ukungu mweupe. Tofauti ni kwamba ikichakaa, rangi iko chini yake bado, na tabaka jembamba hurudiwa bila kukwangua chumba kizima. Ndani ya nyumba nta hutosha. Wengine hulalamika kwamba rangi haiwi sawa na nyufa huonekana. Ni kweli, na asiyevumilia mawimbi hayo asiitumie; achanganye oksaidi ya chuma kwenye niru mpya, isizidi asilimia 10 ya uzito wa saruji, yaani kilo 5 kwa mfuko wa kilo 50. Sakafu nyekundu za nyumba nyingi za zamani zilipata rangi kwa oksaidi hiyo, na jua haliipaushi.

Kila sakafu hunywa kwa namna yake, na picha ya dukani haitakuambia yako itakuwaje. Anza nyuma ya mlango, eneo dogo tu, uliache likauke hadi kesho yake ndipo uamue.