Moshi Baridi, Moshi Moto: Kujitengenezea Jiko la Kukaushia Samaki

Msimu wa kusi ukiingia, jua la Kilifi si la kutegemewa. Mvua hunyesha alfajiri, mawingu hukaa hadi adhuhuri, na samaki walioanikwa huanza kunuka kabla hawajakauka. Mama karanga aliyebaki na ndoo mbili za vibua jioni ana njia chache. Awauze kwa bei yoyote atakayopewa, awakaange wote kwa mafuta ya kununua, au atafute barafu, ikiwa ipo. Njia nyingine ni moshi, na vifaa vyake havihitaji mtaji mkubwa: pipa moja kuukuu, nondo chache, wavu wa chuma na kazi ya nusu siku ya fundi wa jua kali.

Lakini kuna moshi wa aina mbili, na kuchagua ile isiyofaa kunaweza kumlaza mtu hospitalini.

Moshi baridi na kasoro yake pwani

Siku hizi video nyingi za simu huonyesha namna ya kutengeneza jiko la moshi baridi nyumbani. Umbo lake ni rahisi. Upande mmoja kuna mkebe wenye vumbi la mbao linalofuka bila kuwaka. Kutoka hapo moshi hupita kwenye bomba au mtaro wa mita 2 hadi 3, ukipoa njiani, kisha huingia kwenye sanduku la mbao ambamo chakula kimening'inizwa. Chakula hupata harufu na rangi ya moshi bila kupata moto. Samoni wa Scotland na Norway hutayarishwa hivyo, na sharti la kwanza la kazi hiyo ni kwamba joto ndani ya sanduku lisizidi nyuzi 30 za Selsiasi.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Mjini Malindi mwezi wa Machi, hewa yenyewe mchana hufika nyuzi 30 au kuzidi kabla hata kiberiti hakijawashwa. Sanduku la moshi baridi lililowekwa hapa huwa mahali penye joto la uvuguvugu na unyevu, ambapo bakteria huongezeka upesi kuliko moshi unavyoweza kuwazuia. Hata huko kwenye baridi, samaki wa namna hii hubaki mbichi ndani. Hutiwa chumvi kwa kipimo, kisha huwekwa kwenye friji wakati wote hadi siku ya kuliwa. Hata hivyo bakteria wa listeria anaweza kuendelea kukua ndani ya friji, ndiyo maana katika nchi nyingi wajawazito hushauriwa wasile samaki wa moshi baridi bila kumpika.

Kwa hiyo mkazi wa pwani asikaushe samaki wala nyama kwa moshi baridi.

Hii haina maana kwamba jiko lile halifai kwa lolote. Chumvi haiozi. Chumvi ya mawe, kama ile inayovunwa Gongoni na Marereni, ikitandazwa kwenye sinia na kufukizwa moshi baridi kwa saa sita hadi nane, hutoka na rangi ya kahawia na harufu nzuri ya kuni. Pilipili zilizokwisha kukauka pia hufukizwa vivyo hivyo. Mwenye nafasi uani anaweza kuchimba mtaro wa mita 2 unaopanda kidogo, aufunike kwa mawe bapa na udongo, aweke mkebe wa vumbi la mbao upande wa chini na sanduku upande wa juu. Moshi hupanda wenyewe. Kwa vitu vikavu kama hivi, joto la pwani halina madhara.

Kwa samaki, moshi uwe moto. Hata hivyo kuna jambo moja la kuazima kutoka kwa jiko la moshi baridi, nalo ni kutenganisha moto na chakula. Kwenye uchaga wa kawaida juu ya mafiga, mafuta ya samaki hudondokea makaa, huungua, na moshi wake mweusi hurudi juu kumpaka samaki masizi. Ndani ya masizi hayo mna kemikali zinazohusishwa na saratani. Kule Senegali, mwaka 2008, chuo kimoja cha uvuvi cha Thiaroye kikishirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kilibuni tanuri lenye sinia ya kukinga mafuta hayo. Tanuri lile ni kubwa na lina gharama, ila wazo lake linaingia hata kwenye pipa.

Kutengeneza pipa

Pipa linalohitajika ni la chuma la lita 200, ambalo urefu wake ni karibu sentimita 88 na upana sentimita 58. Litafutwe lililobeba mafuta ya kupikia au chakula kingine. Pipa lililobeba dawa za mashamba au kemikali lisitumiwe hata likioshwa mara kumi. La petroli au dizeli ni hatari zaidi, kwa sababu mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka fundi anapolikata kwa moto.

Kifuniko cha juu hukatwa chote na kuwekwa kando, kwa kuwa kitatumika tena. Chini, ubavuni, hukatwa mlango wa sentimita 30 kwa 25 wa kuingizia kuni, na kipande kilichokatwa hurudishwa kwa bawaba ili mlango uweze kufungwa na kufunguliwa. Mlango huu ndio usukani wa jiko zima. Ukifunguliwa, moto huwaka. Ukibanwa, moto hufifia na moshi huzidi.

Sentimita 35 kutoka chini, nondo mbili hupitishwa kutoka ubavu hadi ubavu. Juu yake huwekwa sinia ya chuma ya duara, yenye upana wa sentimita 50, iliyokunjwa ukingo kidogo kuelekea juu. Sinia haigusi kuta za pipa. Inaacha pengo la sentimita 4 kuzunguka pande zote, na moshi hupanda kupitia pengo hilo huku mafuta ya samaki yakibaki kwenye sinia. Mafundi wengi wakipewa mchoro huu huona sinia kama kizuizi cha moto na hutaka kuitoboa matundu. Wasiitoboe, kwa sababu mafuta yatapita humo na kurudi kwenye makaa.

Nondo nyingine mbili hupitishwa kwenye sentimita 58, na mbili zaidi kwenye sentimita 74. Hizi hubeba nyavu za kulazia samaki. Wavu uwe wa chuma kisichopakwa zinki. Wavu wa kuku unaong'aa umepakwa zinki, na chumvi pamoja na joto huiachilia ikaingia kwenye chakula. Mwisho, tundu dogo hutobolewa ubavuni karibu na wavu wa juu kwa ajili ya kipimajoto chenye sindano. Mtu atashawishika kukiacha kipimajoto ili kupunguza gharama, lakini ndicho kifaa ambacho hakina mbadala hapa.

Kabla ya kuweka samaki wa kwanza, pipa tupu huchomwa kwa moto mkali kwa muda wa saa mbili, mbali na watu, hadi rangi yote ya zamani iungue. Kisha husuguliwa kwa mchanga na kuoshwa.

Mahali pa kuliweka pia ni suala. Nyumba nyingi huku zimeezekwa makuti, na cheche moja inatosha. Jiko likae uwanjani, hatua 20 au zaidi kutoka kwenye paa lolote la makuti, na wakati wa kusi liwe upande wa kaskazini wa nyumba ili upepo upeleke cheche mbali. Lisiwashwe ndani ya jikoni au banda lililozibwa, hata kukiwa na mvua. Hewa ya sumu itokayo kwenye moto uliobanwa haina harufu na huua.

Samaki kabla ya moshi

Moshi haumrudishi samaki aliyeharibika. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa vibua, sehewa na jodari. Samaki hawa wakikaa kwenye joto kwa saa chache baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao sumu iitwayo histamini. Sumu hiyo haiondolewi kwa kukaanga, kuchemsha wala kufukiza moshi. Anayeila huwashwa mdomo, uso hugeuka mwekundu, kichwa huuma na tumbo huendesha, mara nyingi ndani ya saa moja. Wengi hudhani wana mzio wa samaki, kumbe samaki alikaa chomboni bila barafu. Anayenunua ufuoni kwa ajili ya kukausha anunue waliokaa kwenye barafu tangu baharini, au waliovuliwa karibu na kufika upesi.

Samaki hutolewa matumbo na matamvua, huoshwa kwa maji safi, na wakubwa hupasuliwa mgongoni. Maji ya chumvi hutengenezwa kwa kilo 1 ya chumvi katika lita 4 za maji. Vibua hukaa humo nusu saa, vipande vinene saa nzima. Baadaye hutundikwa kivulini chini ya chandarua, nzi wasitue, kwa takriban saa moja, hadi ngozi iwe kavu na kung'aa. Samaki akiingia jikoni akiwa bado majimaji, masizi humganda na rangi yake huwa chafu.

Kuwasha

Kuni za mwembe, mpera na mvinje zinafaa, pamoja na makumbi na vifuu vya nazi ambavyo hutoa moshi mwingi. Mikoko isiguswe. Misitu yake inalindwa, na samaki wenyewe huzaliana humo. Maganda ya korosho yana mafuta yanayochoma macho na ngozi, na moshi wake haufai kwa chakula. Mbao zilizopakwa rangi au dawa, na vumbi la mbao za kubandikwa kwa gundi, vyote vikae mbali.

Moto huanzishwa kuni kavu zikiwa chache. Kwa nusu saa ya kwanza joto liwe nyuzi 30 hadi 40 ili samaki akauke nje bila kupasuka. Kisha hupandishwa hadi 50 kwa nusu saa nyingine. Baada ya hapo mlango hufunguliwa zaidi, kuni huongezwa na joto hufikishwa karibu nyuzi 80. Kifuniko hukaa juu kikiwa kimeegemezwa kuacha upenyo, au mahali pake huwekwa gunia la mkonge lililoloweshwa maji. Nyavu hubadilishana nafasi katikati ya kazi kwa sababu ya chini huiva kwanza.

Mwisho, sindano ya kipimajoto huchomwa kwenye sehemu nene ya samaki mkubwa kuliko wote. Ndani ya nyama isome nyuzi 63 au zaidi, na ikae hapo kwa nusu saa mfululizo. Rangi ya dhahabu si kipimo, kwani samaki anaweza kuwa mzuri nje na mbichi karibu na uti wa mgongo.

Kuhifadhi na kuuza

Samaki aliyeiva hivi bado ni laini na ana maji ndani yake. Aliwe siku hiyo au kesho yake, la sivyo awekwe kwenye barafu. Anayetaka wa kukaa wiki kadhaa lazima aendelee kumkausha kwa moto mdogo kwa saa nyingi zaidi, hadi avunjike badala ya kupinda. Wote wapoe kabisa kabla ya kufungwa, na wafungwe kwa karatasi safi au pakacha, vitu vinavyopitisha hewa. Samaki mwenye joto akifungiwa kwenye plastiki hutoa jasho na kuota ukungu. Nao mfuko wa plastiki umepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017.

Bei huwatatiza wengi. Tuseme kilo 10 za samaki zimenunuliwa kwa shilingi 300 kila kilo. Baada ya kutolewa matumbo na kukaushwa sana, huenda zikabaki kilo 4 pekee. Kilo moja ya wakavu imeshagharimu shilingi 750 kabla ya kuhesabu kuni, chumvi na usiku wa kukesha jikoni. Anayeuza kwa 700 kwa sababu jirani anauza hivyo anatoa pesa mfukoni. Vikundi hufanya vyema kupima kilo kabla na baada kwa mizani ile ile, kila mara, na kuandika daftarini.

Anayekausha kwa ajili ya kuuza anahitaji cheti cha afya cha mshika chakula na leseni ya biashara ya samaki. Afisa wa afya ya umma katika wadi hukagua mahali pa kazi, na afisa wa uvuvi hupatikana kupitia kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU, iliyo karibu. Ni vizuri kuwaita fundi akiwa bado hajakata pipa, kwa sababu kuhamisha jiko kwenye karatasi ni rahisi kuliko kulihamisha uwanjani. Kila baada ya matumizi, sinia huondolewa na mafuta yaliyoganda hukwanguliwa siku hiyo hiyo, maana yakiachwa hushika moto safari inayofuata.