Nyumba ya Ilala na Suala la Dhamana

Tunaosoma sheria hapa Lushoto, tukijadili ugaidi tunakimbilia Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002. Mimi naanzia nyuma kidogo. Bomu lililolipua ubalozi wa Marekani Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998 na kuua watu 11 lilitengenezwa kwenye nyumba ya kupanga Ilala, katikati ya watu.

Serikali ilijibu kwa sheria hiyo. Kufadhili ugaidi kukawa kosa, polisi wakapewa meno. Sawa. Kinachoninyima usingizi ni dhamana: kwa kosa la ugaidi haipo, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani iliikataa hoja kwamba kuinyima ni kuvunja Katiba. Upelelezi ukisuasua, mtuhumiwa anasubiri ndani. Masheikh wa Uamsho kutoka Zanzibar walisota mahabusu miaka mingi, mpaka DPP alipofuta mashtaka Juni 2021. Hukumu hakuna.

Sasa rudi Ilala. Mpangaji wa aina ile hugunduliwa kwanza na jirani. Huku kwetu, mgeni akichukua chumba Soni au Mlalo, habari zinafika kabla ya jua kuzama. Lakini nani atakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kusema “namshuku fulani”, akijua fulani akiwa hana hatia anaweza kupotelea ndani miaka? Tena huenda ni mtoto wa shangazi. Mimi ningesita, nasema kweli. Bunge liweke ukomo wa upelelezi wa kesi hizi, na hakimu aachiwe kupima dhamana.